Malalamiko Kuhusu Mtu Uliyemtuma Kuipima Bustani ya Mama

Kwako Mbakyu Wuryani, dada yangu mkubwa, Jakarta.

Kwa heshima zote, naomba uweke chai yako pembeni na usome barua hii ukiwa umekaa. Huku hatujambo. Mama naye hajambo, ukiacha magoti. Nakuandikia kwa niaba yake, ingawa hajui, maana mzee wa miaka sabini na tisa hasumbuliwi na mambo ya karatasi.

Ulimtuma Mas Ardito, mbunifu wa bustani, aikague bustani ya nyumbani kabla haijapangwa upya. Leo ni siku ya nne. Malalamiko ni haya:

1. Hafanyi kazi. Nilitegemea jembe, amekuja na kigoda. Siku ya kwanza alikaa penye mbirimbi tangu asubuhi hadi adhuhuri, akitazama kivuli kikihama. Nikamwuliza, "Vipi Mas, jembe umelisahau mjini?" Akanijibu, "Pak Puji, kwanza natazama jua linapita wapi." Jua, Mbakyu! Linapita juu. Hata bata wetu wanajua hilo, na hawakuhitaji kigoda.

2. Amehesabu aina sabini na moja za mimea, kisha akaandika: "Hakuna mpangilio." Mchaichai uko karibu na jiko kwa sababu chungu kiko jikoni. Khulinjani iko pale Bibi alipoitupa. Mfenesi ulijiotea wenyewe na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuubishia. Huo ni mpangilio wa vizazi vitatu vya watu waliokataa kujisumbua, naye anataka kuuvunja kwa penseli.

3. Njiwa wangu watatu, walioko vizimbani juu ya milingoti ili sauti zao zisikike, amewaorodhesha kama "vitu vya kuhamishwa". Hili silirefushi, nisije nikaonekana najitetea mimi. Nimemwambia mara sita tu.

4. Kile kijia kinachokatiza bustani kwenda msikitini amekiwekea alama ya kuuliza: "Wapitao ni akina nani?" Ni watu! Bu Karsiyem wa nyumba ya nyuma hupita kila asubuhi, huchuma birimbi, na zikishaingia kwenye mtandio ndipo huita, "Mbah, naomba za mchuzi!" Mama humjibu kwa sauti kutoka jikoni, "Umeshachuma ndiyo unaomba? Chukua na pilipili, labda mdomo utapata adabu!" Hapa kijijini anayejenga ukuta huulizwa anaficha nini. Kijia kikifungwa, Mama atagombana na nani? Na mimi? Wali humshibisha, Mbakyu, lakini kinachomwamsha ni kijia kile.

5. Bwawa la samaki amelichora kushoto kwa mlango wa mbele. Sasa kumbuka: kushoto ndipo Mama alipozika kondo lako la nyuma, ndani ya chungu, na taa ikawaka juu yake siku thelathini na tano. Mimi na ndugu yetu Wagiman, watoto wa kiume, tuko kulia, salama. Kwa hiyo atakayefugiwa kambare juu yake ni wewe. Sisemi chochote. Nasema tu kwamba alilichora Jumanne, na Jumatano ukapiga simu ukilia na mgongo.

6. La mwisho na baya kuliko yote, anaongea na Mama. Anamfuata na daftari, "Mbah, na hapa je? Na huu nao wa nini?" Jana walicheka saa nzima. Kucheka saa nzima kwa umri ule si afya.

Kwa hayo yote, naomba umwondoe, na bustani ibaki ilivyo, jani kwa jani. Hilo ndilo Mama atakalo. Nimeishi naye miaka yote hii. Sina haja ya kumwuliza.

Msalimie shemeji, wasalimie watoto, na yule jirani yako wa ghorofani anayepiga ngoma, naye pia, kwa kiasi.

Mimi mdogo wako mtiifu,
Pujiharto

Nyongeza: Mama amenikuta nafunga bahasha, akataka nimsomee. Nimesoma yote. Akasema, "Umeandika vizuri, Puji. Mimi uliniuliza lini?" Kisha akamwita Mas Ardito. Kumbe tangu mfungo magoti hayajamfikisha penye mbirimbi hata mara moja, na zile kelele za asubuhi ni kwa sababu hawezi kuwafuata watu. Ameamuru migomba kumi na miwili iliyosonga jiko ikatwe, kijia kihamishwe kipite mlangoni mwa jiko, na hapo liwekwe benchi. "Refu," amemwambia, "Karsiyem hakai peke yake, anakaa na makalio yake." Kwa hiyo namba zote hapo juu zipuuze. Wameshaanza kupima. Nimeambiwa nikimaliza kuandika nikashike ncha ya pili ya utepe, nisimame wima, nisiongee.