Oili Chini ya Pikipiki ya Baba

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamka kabla ya wote, kama kawaida yangu. Pikipiki ya Baba ilikuwa imeegemea stendi yake ya pembeni. Nikachomoa kijiti, nikapima oili. Imepungua tena! Nikaongeza nusu kikombe. Hakuna anayenishukuru, kwa sababu hakuna anayejua.
Baba alipotoka akakuta doa chini, pana kama sahani. Akaapa kwamba Jumamosi likiwepo doa, pikipiki inauzwa, nami nahamia kwa shangazi, anayekaa karibu na shule, ili niende kwa miguu. Kwa shangazi! Anayefungia redio kabatini!

Jumanne, 4 Machi
Nusu kikombe tena. Kaka, anayesomea useremala, ametangaza kuwa gasketi, ile karatasi inayoziba maungio ya injini, imekufa. Hajawahi kuiona gasketi. Nikamwambia uchunguzi una utaratibu: unaosha injini, unaikausha, unaipaka poda, inaendeshwa, kisha unatazama poda imelowa wapi. Nimesoma kwenye kitabu cha maktaba. Akacheka mpaka akashika ukuta. Ananiita Daktari wa Vyuma.
Nimechukua poda ya Mama. Kopo zima. Injini ni kubwa kuliko uso.

Jumatano, 5 Machi
Baba amerudi kazini na suruali nyeusi iliyogeuka nyeupe mpaka magotini. Mkuu wake alimwuliza kama siku hizi anafanya kazi kiwanda cha chaki. Mama anatafuta kopo lake. Kelele zote hizo, na hakuna aliyeuliza matokeo!
Matokeo ni safi. Oili inatokea kwenye kimpira chenye tundu kilicho juu ya injini. Si kwenye gasketi. Nimemjulisha kaka mara tatu.
Nimekiziba kwa kitambaa, nikakaza kwa waya. Tundu likivuja, linazibwa. Mtoto wa chekechea anajua.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Tulipokaribia geti la shule, injini ilikohoa, oili ikatoka kila mahali isipokuwa kwenye kimpira. Soksi zangu nyeupe, basi tena. Darasa zima lilisimama kutazama. Baba alishuka, akaanza kufuta oili kwa leso yake. Nyumbani, kaka alinisema kwa niaba ya wote.
Jioni Baba amempigia shangazi simu kuuliza kama kitanda kipo. Kipo.

Ijumaa, 7 Machi
Baada ya shule mimi, Baba na kaka tumeisukuma pikipiki hadi kwa fundi wa kona. Akauliza nani kaziba kimpira. Nikatazama paa. Akasema ile ni pua ya injini. Ukiiziba, presha inajitafutia njia. Akabadilisha sili iliyopasuka, ule mpira unaozuia oili isitoke. Kisha akafungua bolti ya chini. Oili ikajaza beseni, ikamwagika. Fundi akashika kiuno. Akasema injini ilikuwa na oili karibu mara mbili ya kiasi chake, ndiyo maana ilikuwa ikitapika. Nani anaipima?
Nikaeleza kwa heshima. Akaniita binti yangu, akasema pikipiki ikilala upande, oili nayo inalala upande, na kijiti kinadanganya kuwa imepungua. Inapimwa ikiwa imesimama wima. Kaka aliketi chini kwenye vumbi ili acheke vizuri.
Ukurasa wa kupima oili umechanwa kitabuni! Kosa ni la maktaba. Nimelieleza hilo njia nzima. Baba aliniomba ninyamaze, tena kwa upole.

Jumamosi, 8 Machi
Pakavu! Baba ameinama mara nne kuhakikisha. Pikipiki haiuzwi. Siendi kwa shangazi. Nimemkumbatia Mama, ambaye bado anauliza kuhusu poda.
Kisha Baba ametoa amri, akinitazama mimi: kuanzia leo, asiye fundi asiiguse pikipiki. Amri nzuri sana. Kaka alihitaji kuambiwa.
Nilikuwa nikiifikiria amri hiyo huku naifuta pikipiki vumbi, ndipo nikaona mnyororo umelegea. Umelegea kabisa, na wao wamekaa tu! Spana namba kumi na saba nimeiazima kwa jirani. Baba hujilaza kidogo baada ya chakula cha mchana. Muda unatosha.