Waya Juu ya Kabichi za Mtani

Jumatatu, tarehe 7 Septemba

Habari mbaya. Imeletwa na kondakta wa basi la Murambinda, aliyeitangaza kwa sauti ili abiria wote wafaidi. Mama mkwe anakuja Jumamosi. Anakuja kujionea. Akimkuta binti yake bado anapanda mwamba na ndoo kichwani, Jumatatu ataondoka naye, na mimi nitafuata nyuma na wazee wangu kwenda kuomba radhi.

Hilo la ndoo lina historia. Siku ya harusi nilichuchumaa mbele ya mama huyo nikaahidi: maji yatafika mlangoni. Miaka kumi na tisa imepita. Maji bado yako kisimani. Kisima kiko bondeni, nyumba iko juu ya mwamba. Nani alijenga nyumba juu ya mwamba? Mimi. Kwa nini? Ionekane kutoka barabarani. Inaonekana vizuri sana.

Jioni mke wangu, Mama Tafara, alivua kitambaa. Nikaona utosi wake. Nywele zimekatika pale inapokaa ngata ya kutwikia ndoo, duara kamili kama kitako cha kikombe. Sikuwahi kuliangalia. Nikamwuliza kama kweli ataondoka na mama yake. Akasema niiulize shingo yake. Mwanetu Tafara yuko Bulawayo na kazi zake. Nikibaki humu peke yangu nitagombana na nani? Naogopa, na nimeandika hivyo kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.

Lakini nina akili! Na nina waya. Uzio wa mbuzi, mita mia moja na zaidi. Mbuzi watavumilia.

Jumanne, tarehe 8

Mbuzi hawakuvumilia. Wamemaliza vitunguu vya Mama Tafara, wote, na mizizi.

Haidhuru. Mtambo umesimama! Nguzo moja jikoni, nguzo moja kisimani, waya katikati. Ndoo inaning'inia kwenye kapi. Ukiiachia inateremka yenyewe na kuzama kisimani. Juu mimi nazungusha pedali ya baiskeli iliyopinduliwa, kamba inajikunja kwenye ringi, ndoo inarudi na maji. Kazi ya kukaa kwenye kigoda. Hata mgonjwa angeiweza.

Tatizo ni Chinembiri. Kiwanja chake kiko katikati ya mteremko, na waya unapita juu ya kabichi zake. Chinembiri ni mtani wetu tangu babu zetu walipokuwa wakizikana. Ana haki ya kunitukana mbele za watu na kuchukua kwangu kinachompendeza. Mimi nina haki ya kucheka. Alitazama waya akauliza kama naanikia nguo za ukoo mzima. Kisha akasema anga lake halipitwi bure, akaondoka na jogoo wangu mwekundu. Nikacheka.

Jaribio la kwanza. Ndoo imeteremka! Nimezungusha mpaka jasho likaingia masikioni. Ndoo imefika. Ndani, maji vidole viwili. Jaribio la pili, kidole kimoja. Jaribio la tatu, jani la kabichi.

Nimekagua ndoo. Haina tundu. Nimekagua jani. Silielewi.

Jumatano, tarehe 9

Siku ya mwiko. Kijiji kizima hakuna kuchimba wala kujenga, na anayekaidi anatozwa mbuzi. Nimejilaza kivulini pa ghala na kufikiri. Nimepata jibu: jua. Maji yanakaushwa na jua yakiwa njiani. Nikamweleza Mama Tafara. Akauliza kama jua ndilo lililoweka jani. Hana elimu ya mambo haya.

Ameleta ndoo sita leo. Nilizihesabu nikiwa nimelala.

Alhamisi, tarehe 10

Si jua!

Nilishusha ndoo, nikajificha nyuma ya jiwe. Chinembiri alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, fimbo yenye ndoana mkononi, kama mtu aliyekuja kuvua. Mama Tafara akazungusha kama nilivyomwagiza. Ndoo ilipofika juu ya kabichi, Chinembiri akaivuta, akanywa, akajaza debe lake, akaishukuru ndoo, akaiachia iende zake. Kumbe ndiyo maana kabichi zake zimenenepa wiki hii.

Nikamfuata. Nilikuwa na maneno mengi. Akaniambia niyarudishe nyumbani, kwani kinachopita kwenye anga la mtani ni cha mtani, na kama ndoo ina malalamiko basi ije yenyewe. Wapita njia wawili walisimama kusikiliza. Nikacheka. Mashavu yananiuma kwa kucheka.

Basi! Ndoo imeisha. Sasa ni pipa la lita sitini lenye mfuniko wa kukaza. Nitalijaza kisimani, nitalifunga, na hata akiwa na ndoana kumi hatapata tone. Ila baiskeli haiwezi pipa. Pedali imekatika kwa kulijaribu tupu. Nikajiuliza: nini kizito, kinapatikana hapa nyumbani, na kinateremka bila taabu?

Mimi!

Waya wa pili sambamba na wa kwanza. Kwenye huo, beseni letu la bati la kuogea, na mimi ndani. Kamba moja inapita kwenye kapi kubwa juu. Ncha moja ina pipa, ncha nyingine ina beseni. Mimi nashuka, pipa linapanda. Haihitaji nguvu, inahitaji uzito tu.

Mama Tafara akauliza nikishafika chini nitarudije juu. Nikamwambia kwa miguu, bila shaka. Akauliza, mikono mitupu? Nikamwambia mikono mitupu, na huo ndio uzuri wake. Yeye akachukua ndoo akaenda kisimani.

Ijumaa, tarehe 11

Waya wa pili umetoka kwenye zizi la ng'ombe. Ng'ombe ni wapole kuliko mbuzi.

Jaribio dogo kwanza: ndoo ya kawaida upande ule, mimi kwenye beseni upande huu. Mama Tafara akafungua kamba. Niliona kabichi. Niliona Chinembiri na mdomo wazi. Halafu niliona matope ya kisimani, kwa karibu sana. Ndoo ilifika juu kabla sijajua nimefika chini. Ilipitiliza mlangoni, ikagonga chungu cha maharage.

Maji yameingia mpaka jikoni, kama nilivyoahidi! Chungu kimepasuka. Magoti yangu yamechubuka. Kesho asubuhi nitatumia pipa, na mama mkwe atakaposhuka kwenye basi la saa nane mchana atakuta maji yanamsubiri.

Jumamosi, tarehe 12

Sina nguvu ya kuandika lakini lazima niandike.

Asubuhi nilijaza pipa, nikakaza mfuniko, nikapanda, nikaingia kwenye beseni, nikashika kamba kwa mikono miwili. Mama Tafara akanisukuma, kwa nguvu kuliko nilivyotarajia. Tukaanza vizuri. Mimi nashuka, pipa linapanda. Kisha polepole. Kisha polepole zaidi. Kisha hatuendi kokote. Mimi na pipa, ubavu kwa ubavu, katikati kabisa ya safari. Kumbe uzito wetu ni mmoja.

Katikati ya safari ni juu ya kiwanja cha Chinembiri.

Alileta kigoda. Akaketi. Akasema amewahi kuona nyama ikianikwa lakini si inayoongea. Nikamwomba avute kamba kidogo. Akasema nina haraka gani na hali ya hewa ni nzuri. Nikacheka, nikining'inia.

Hapo ndipo nikaona mwavuli ukija njiani. Chini ya mwavuli, furushi. Chini ya furushi, mama mkwe. Alikuwa amepata lifti ya lori la mbolea. Akaja akapita chini yangu hasa, na Chinembiri akamwambia kwa sauti ya heshima, "Ambuya, mkwe wako amekuja kukupokea."

Akainua macho.

Mkwe wa kiume juu ya kichwa cha mama mkwe! Tangu dunia iumbwe! Mtu anatakiwa awe chini, achuchumae, viganja vikutane, makofi ya taratibu, macho ardhini. Ningefanya nini? Kuchuchumaa, nilikuwa nimechuchumaa tayari. Macho nikayateremsha. Nikasema, "Shikamoo, Ambuya, pole na safari," nikapiga makofi kama inavyopaswa.

Mikono hiyo ndiyo iliyokuwa imeshika kamba.

Beseni lilipinduka. Nimetua kwenye lundo la samadi la Chinembiri. Nimechuchumaa. Viganja bado vimekutana. Chini kuliko mama mkwe, kama inavyotakiwa. Pipa, lililoachwa bila mwenzake, lilirudi kisimani kwa mbio. Chinembiri alilala chini akicheka, na sasa ananiita Simba wa Samadi, kwa kuwa ukoo wetu ni wa simba.

Baadaye mama mkwe alisema, kwa kupitia Mama Tafara kwa kuwa mimi na yeye hatusemezani ovyo, kwamba ana wakwe wanne na hakuna aliyewahi kushuka kutoka mbali hivyo ili kumsalimu. Sijui kama ni sifa. Nimeiandika kama sifa.

Lakini nyumbani hapakuwa na maji ya mgeni kuoga. Mama Tafara akaweka ngata kichwani, ile iliyochakaa, akaenda na ndoo, akarudi nayo, mama yake akimwangalia kila hatua. Mgeni ametandikiwa mkeka, amepewa sadza, ugali wetu, na mboga za karanga, amekula vizuri. Lakini furushi lake hajalifungua. Liko palepale mlangoni, limefungwa, kama la mtu anayeondoka. Nalitazama kila nikipita.

Jumapili, tarehe 13

Nimepata kosa. Mimi ni mwepesi mno. Beseni linahitaji uzito wa ziada.

Mawe? Juu ya mwamba wetu mawe yaliyobaki ni yale yanayoshikilia mabati ya paa. Mama Tafara amesema nikigusa hata moja, hatasubiri Jumatatu. Basi kitu gani kizito kinapatikana bure? Nikapiga kofi paji la uso wangu. Maji! Kisima kimejaa!

Nikashuka alfajiri. Ndoo ya lita ishirini, mfuniko juu. Begani iliteleza, basi nikajitwika kichwani. Nikapanda mwamba. Nikaitua mlangoni pa jiko, nikaenda kunyoosha kamba. Niliporudi, ndoo ilikuwa tupu. Mama Tafara ameitumia kupika uji! Nikafoka. Akaomba radhi kwa upole, akasema hakujua kuwa hayo maji ni sehemu ya mtambo.

Nikashuka tena. Ndoo ya pili ikawa chai ya mama yake. Ya tatu, vyombo. Ya nne na ya tano, mtungi. Kila ninapogeuka tu! Nikamwambia hata mtambo bora utashindwa katika nyumba isiyo na nidhamu. Akasema kweli kabisa, Baba Tafara, leta nyingine.

Kufikia saa nane nilikuwa nimeleta kumi na moja. Pipa halijasogea hata shubiri. Mitungi yote imejaa, hata sufuria ya harusi imejaa, na mtambo haujafanya kazi hata mara moja!

Mama mkwe alikaa barazani kutwa, uso kwenye njia ya kisimani. Akamtuma Mama Tafara aniulize nafanya nini. Nikajibu kwamba napima mtambo. Akatuma tena: hupimwa mara ngapi? Sikutaka aone mtambo wangu ni wa kubahatisha. Nikajibu, kila siku, Ambuya, bila kukosa.

Akafungua furushi!

Chinembiri alikuja kuonana na mgeni, akasema ameona mitambo mingi lakini huu ni wa kwanza kuvaa suruali na kumwamkia akipita. Wivu mtupu. Nikacheka, na safari hii kwa raha.

Jumatatu, tarehe 14

Ameondoka! Basi la asubuhi. Peke yake! Mama Tafara yuko jikoni, anaimba.

Nilimsindikiza mama mkwe mpaka barabarani, hatua kumi nyuma yake. Alimwambia binti yake, nami nikasikia, kwamba alikuja kuona kama maji yanafika mlangoni, na ameyaona yakifika. Miaka kumi na tisa, na leo ahadi imetimia! Ndiyo faida ya kutumia akili badala ya misuli.

Ameniachia zawadi. Imetoka kwenye lile furushi. Ni ngata mpya, ya majani, ameisuka kwa mkono wake, nene, nzuri. Nilidhani ni ya Mama Tafara. Akasema hapana, mama ametaja jina langu.

Nimeijaribu kwenye kapi. Haiingii. Kwenye nguzo, ni ndogo. Sijui ni ya sehemu gani ya mtambo, lakini mama mkwe ni mtu mzima na hatoi kitu bila sababu. Nitaendelea kutafuta.

Mama Tafara anaomba vipimo vianze mapema kesho, kabla ya uji. Nimemkubalia. Wakati huohuo nachora mtambo wa pili, wa kuni. Msitu uko mbali kuliko kisima, kwa hiyo utahitaji waya zaidi, na Chinembiri ana uzio mzuri.

Utosi unaniuma tangu jana. Sijui kwa nini.