Koo la Kuazima

Alhamisi, 17 Miyazya

Nimelala kwenye kiti tena. Kitandani siwezi. Nikilaza kichwa tu, tindikali inapanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, inafika kooni, inafika mdomoni, naamka nakohoa moto. Yeshimebet, mke wangu, alinifunika blanketi bila kusema neno. Akinyamaza hivyo huwa namwogopa.

Yote ni ya daktari wa jana. Binti mdogo, miwani mikubwa. Kasema kiungulia cha miaka mingi si cha kuchezea, na vidonge ninavyotafuna kama njugu vinaficha tu. Anataka kuutazama umio wangu kwa mpira wenye kamera. Jumanne. Akauliza baba yangu alikufa kwa nini. Nikasema uzee. Yeshimebet, kutoka kwenye benchi, akasema koo lilifunga.

Jumanne! Wiki ya mwisho kabla ya Fasika, Pasaka yetu! Mji mzima wa Dessie utakuwa unanunua berbere, pilipili ya mchuzi wa kuku, nami msagaji niko hospitali na mpira mdomoni? Na ng'ambo ya barabara yuko Dagnachew na kinu chake kipya. Anasimama mlangoni, analamba pilipili yake kwa kijiko, kama mtoto na asali. Desturi ya hapa ni hiyo: msagaji asiyeonja hauzi. Mteja anakutazama, unalamba wewe kwanza. Ukikunja uso, keshavuka barabara.

Mimi sijalamba tangu Krismasi. Nimekuwa nikisingizia mfungo. Lakini pilipili si nyama wala maziwa, na hilo hata mbuzi wanalijua. Ati pilipili usiyoila yakuwashiani? Waje waniulize mimi.

Ijumaa, 18 Miyazya

Nimepata akili! Viazisukari vyekundu vilivyokaushwa, nikavisaga pamoja na unga wa dengu. Rangi ileile ya berbere, ukali sifuri. Nimeviweka kwenye mkebe wangu chini ya meza.

Asubuhi aliingia Woizero Atsede, mama ambaye mdomo wake ni gazeti la mtaa. Nikachota kijiko kizima, nikalamba, nikameza, nikatabasamu. Alijishika kifua. Dagnachew alikuwa anatazama kutoka kwake, kijiko kimemning'inia mkononi. Siku tamu kuliko zote mwaka huu.

Yeshimebet ameuliza kwa nini ulimi wangu ni wa zambarau. Nimesema uzee.

Jumapili, 20 Miyazya. Hosana

Msiba. Jana Molla, mbeba magunia wangu, aliishiwa na pilipili ya mbele. Akainama, akaona mkebe, akampimia Woizero Atsede. Wote! Mtu mzima mwenye masharubu, hana hata akili ya kuuliza.

Leo Atsede kaja moja kwa moja kutoka kanisani, pete ya mtende ya Jumapili ya Matawi kidoleni, akasimama katikati ya wateja. Kasema mchuzi wake wa dengu umekuwa mtamu kama keki, wageni wakadhani ametia sukari. Kisha akauliza, kwa upole, kama hiyo ndiyo berbere niliyokuwa nikiilamba kwa kijiko. Watu wakacheka. Dagnachew akasema kutoka ng'ambo kwamba kuna watu ulimi wao hustaafu kabla yao.

Nilitaka kumjibu. Lakini hasira kwangu ni sawa na pilipili. Tindikali ilipanda mpaka puani. Nikakimbilia nyuma ya kinu, nikatema, nikakaa juu ya gunia. Nikalia kidogo. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Maumivu nimeyazoea. Kilichoniliza ni uchovu. Moto wangu hauonekani, watu wananiona mzima, wananiambia nimekuwa mkali siku hizi. Sili na watu, silali na mke wangu, naogopa harusi, naogopa matanga, naogopa kila mahali penye sahani. Nimekuwa mgeni kwenye maisha yangu mwenyewe.

Kisha nikafuta uso na kuanza kumfikiria Dagnachew. Hilo hunisaidia kila mara.

Jumatatu, 21 Miyazya

Yeshimebet amenitolea nguo safi za kesho. Alitaka anisindikize. Nimemkataza: nani atakaa kinuni wiki hii? Ameinamisha kichwa. Amekubali upesi mno.

Kusema kweli, kinu ni nusu tu. Nusu ya pili ni baba. Nalikumbuka lile koo lake. Alikohoa miaka, akala chokaa, akanywa maji ya baraka kwa ndoo, akasema si kitu. Wakalitazama siku moja, likapata jina, na baada ya jina hakukaa. Kisichotazamwa hakina jina. Hiyo ndiyo dawa yangu na sijaona iliyoishinda.

Basi nikamwita Molla. Umri wetu mmoja, masharubu yetu mamoja, yule binti wa miwani kaniona mara moja tu, na picha ya kitambulisho changu imefifia kiasi kwamba inaweza kuwa ya yeyote mwenye pua. Nikamwambia kesho yeye ni mimi, Gizachew. Hatakiwi kula kuanzia jioni, na yeye anafunga hata hivyo. Atameza kitu, atarudi na karatasi. Namdai adabu baada ya ule mkebe. Bado akataka jogoo wa Fasika, aliye hai, mwekundu. Nimekubali. Akauliza kama inauma. Nikasema ni kama kumeza tambi.

Najua wanavyosema, mficha maradhi kifo humuumbua. Waliosema hivyo hawakuwahi kuuza pilipili.

Jumanne, 22 Miyazya

Kuna dosari moja sikuiona. Ikiwa mimi niko hospitali, siwezi kuwa kinuni. Kwa hiyo siku niliyoiokoa kwa ajili ya biashara nimeimaliza kwenye kibanda cha chai mkabala na lango la hospitali, koti limefunika kichwa.

Molla alitoka machozi yanamtiririka, mate yanamtiririka, hawezi hata kunitukana. Alinipa karatasi. Umio safi. Tumbo safi. Na juu, kwa wino wa bluu, jina langu na la baba yangu.

Nilikaa nikaisoma tena na tena. Kitu kifuani kililegea, naapa. Molla alipopata sauti akasema yule binti alimuuliza kama chakula humkwama kooni. Alijibu hapana, hakijawahi. Kisha akanitazama, akauliza mimi je. Nikamwambia afikirie jogoo wake.

Yeshimebet aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Wiki hii ya mateso hatubusiani, hata salamu hatupeani mikono. Akaibusu karatasi. Akaiweka nyuma ya picha ya Mariamu, akakaa chini pale pale sakafuni akalia. Sikujua alikuwa amebeba mzigo mkubwa hivyo. Nikaona nimefanya jambo jema.

Tena kauza pilipili yote. Alikuwa analamba yeye.

Kufika jioni nilikuwa naamini na mimi. Kwani nani anajua? Pengine matumbo ya watu wa rika moja yanafanana.

Ijumaa, 25 Miyazya. Ijumaa Kuu

Kusujudu kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Kuinama, paji la uso chini, kusimama, kuinama. Kwa mtu mwenye ugonjwa huu kila sijida ni kupindua chungu kilichojaa. Yaani kwa mtu ambaye angekuwa na ugonjwa huu.

Dagnachew alikuwa pembeni yangu, anainama kama kijana. Nikaamua simwachii. Kila nikishuka, moto unafika kwenye meno. Nameza. Najiambia: umio safi, tumbo safi. Nashuka tena. Mara nikatapika ndani ya shuka langu jeupe, mbele ya waumini, nao wakasogea.

Dagnachew ndiye aliyenishika. Alinitoa nje, akanikalisha ukutani, akanipangusa kidevu kwa shuka lake. Hakucheka. Nilimngoja acheke. Akasema polepole:

"Gizachew, nenda ukatazamwe."

Nikamwambia nimeshatazamwa, karatasi ninayo. Akasema Mungu ashukuriwe, akarudi kuinama.

Mtu huyu ni hatari kuliko nilivyodhani. Anataka nionekane mgonjwa ili achukue wateja.

Jumapili, 27 Miyazya. Fasika

Kristo kafufuka. Mimi bado.

Alfajiri tulirudi kutoka kanisani. Yeshimebet alikuwa amepika mchuzi wa kuku, vipande vyote kumi na viwili, mayai, mafuta ya samli yanaelea. Mwaka wa tatu huu hajanilisha tonge kwa mkono wake. Zamani kila mlo ulianza hivyo. Nilipoanza kuungua nikawa nageuza uso, mara moja, mara mbili, mwishowe akaacha. Leo alikunja kipande cha mkate wa injera, akakijaza, akaunyoosha mkono. Kasema tu kwamba sasa hatuna cha kuogopa.

Mtu atakataa vipi? Karatasi iko pale ukutani inatutazama. Nilifungua mdomo.

Tonge lilishuka nusu likasimama. Halikurudi, halikwenda. Nikameza mate, mate nayo yakasimama juu yake. Nilimtabasamia mke wangu, machozi yananitoka, nikasema ni furaha. Nikatoka kama mtu anayekwenda kuangalia kuku. Nyuma ya kinu nilijipiga kifua kwa ngumi mpaka likapita. Sijui ni muda gani. Jua lilikuwa limetoka.

Niliogopa. Hilo nalo naliandika. Niliogopa kama sijawahi.

Nilipogeuka, Yeshimebet alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, mkono bado una mchuzi.

Nimemwambia kuku alikuwa mgumu.

Jumatatu, 28 Miyazya

Molla alikuja kutupa mkono wa sikukuu. Sikuwahi kumkaribisha, lakini watu wa aina hii hawangoji. Yeshimebet akamtilia pombe ya nyumbani. Akanywa bilauri moja, akasifu jogoo. Nikamkanyaga mguu. Akanywa ya pili, akajipapasa shingo, akanigeukia kwa huruma ya kweli, mpumbavu yule, akasema:

"Gashe, mkubwa wangu, koo langu bado linawasha tangu ule mpira. Lako je?"

Hata Molla alisikia alichosema. Akaaga, akasahau kofia.

Nilingoja makelele. Nilikuwa nimeshaandaa majibu matatu. Yeshimebet hakupiga kelele. Alikwenda kwenye picha ya Mariamu, akaitoa karatasi, akaikunja vizuri, akaiweka ndani ya kofia ya Molla. Kisha akakaa mbele yangu, karibu, magoti yetu yakagusana.

"Baba yako nilimlisha mimi," akasema. "Kwa kijiko cha chai, tone kwa tone, mpaka kijiko nacho kikawa kikubwa. Wewe ulikuwa kinuni. Kila siku ulikuwa kinuni."

Majibu yangu yote matatu yalikuwa ya mambo mengine.

"Sikulaumu. Lakini nimeshukuru Mungu kwa ajili ya tumbo la Molla, Gizachew. Nimepiga magoti kwa ajili ya tumbo la Molla."

Kasema amekwenda mwenyewe hospitali asubuhi, kabla Molla hajaja, kuomba siku nyingine, kwa sababu ya kuku mgumu. Jumanne ya wiki ijayo. Atanishika mkono mpaka mlangoni. Nikalia, naye akalia, nikaapa kwa Mtakatifu Mikaeli kwamba nitaingia mwenyewe na koo langu mwenyewe. Jioni alikuja kukaa kando ya kiti changu, akaegemeza kichwa begani mwangu mpaka akasinzia. Tulikuwa hatujakaa hivyo tangu sijui lini. Nimekuwa mtu mpya.

Ijumaa, 2 Ginbot

Mwezi mpya umeingia, biashara imepoa baada ya sikukuu, nimepata nafasi ya kufikiri.

Kiapo ni kiapo. Nitaingia mlango ule. Sikuapa chochote kuhusu mlango wa nyuma. Leo nimepita hospitali kama mtu anayetafuta jamaa yake, nikauona: chumba cha kamera kina mlango mwingine unaotokea kwenye kamba za kuanikia mashuka. Mkeo anakuaga mbele, unaingia, unabadilisha nguo, unatokea nyuma, na mtu mwingine anaingia na vazi lilelile. Wagonjwa wote mle wamevaa kijani, nani atawatofautisha?

Nimezungumza na Molla. Mwanzoni alikataa katakata, akaniita majina ambayo mbeba magunia hamwiti mwajiri wake. Nimemkumbusha kwamba koo lake limeshazoea. Safari hii anataka kondoo. Sitaki ugomvi, nimekubali.

Dagnachew amenisalimu kwa jina, akauliza hali yangu. Nimemjibu kwamba sijawahi kuwa mzima kama sasa.

Nimeacha injera kwa muda, inakwama. Uji unapita. Maji leo yamepita kwa kusukuma mara mbili. Maji ya mfereji wetu yamekuwa mazito siku hizi, inabidi mtu alalamike.

Wakati wa chakula nimekuta Yeshimebet ameweka kijiko cha chai kando ya bakuli langu. Chai yenyewe nimekatazwa, kwa hiyo nimekirudisha kabatini.