Kiwiko Kilichoitikisa Ndege

Sogeeni, enyi mliowahi kuvunja kikombe mkamsingizia paka. Nanyi mliomwaga mchuzi kwenye kochi la watu, mkaukalia mpaka wenyeji wakalala. Sogeeni, kaeni, acheni kutafuna kwa sauti. Leo sisimulii habari za wafalme, maana wafalme wana wapambe wao wa kuwasifu na wanalipwa vizuri. Leo nasimulia habari za kiwiko. Naam, kiwiko, mfupa ambao hakuna mshairi aliyewahi kuutungia ubeti, na jinsi ulivyowasha vita mchana kweupe, juu angani, katikati ya mawingu yasiyo na hatia.

Palikuwa na ndege, na ndani ya ndege palikuwa na mhudumu kijana: Mbeba-Birika, Simba wa Ujia, apitaye baina ya magoti ya watu asiguse hata moja, asiyemwaga tone la chai hata ndege ipige chafya. Wenzake walimwita Mrefu. Kila safari aligonga kichwa kwenye makabati ya mizigo, na kila alipogonga aliliomba radhi kabati.

Ngome yake ilikuwa jiko la mbele, lenye upana wa kabati la nguo, ambamo watu wawili wakipishana ni sharti mmoja avute tumbo. Ukutani humo mlikuwa na ubao wa vitufe: kimoja cha muziki wa kuwaliwaza abiria, vingine vya taa, na kimoja, chekundu kama jicho la mtu aliyekesha kilabuni, cha tangazo la dharura lililorekodiwa. Walioiunda ndege, watu wa tahadhari, walikifunika hicho chekundu kwa kifuniko cha plastiki, asikiguse ila mwenye nia. Lakini wahudumu, watu wa kazi, wakakiona kile kifuniko kimechomoza vizuri, wakasema: hiki ni kigingi. Wakatundika hapo kitambaa cha kufutia vikombe. Safari zikapita, kitambaa kikaning'inia, asidhurike mtu. Na binadamu ndivyo alivyo: jambo lisilomuuma jana huliita salama.

Siku hiyo Mrefu alikuwa na birika mkono wa kulia na sinia la vikombe mkono wa kushoto. Akahitaji kitambaa, mkono wa tatu hakujaliwa. Basi akakiuma kitambaa kwa meno, akavuta. Kitambaa kikaja, kifuniko kikafunuka, wala yeye asione. Kisha akataka kuwawekea abiria muziki, akafanya wafanyavyo wahudumu wote wenye mikono iliyojaa. Akabonyeza kwa kiwiko.

Ewe kiwiko! Ungekwenda kulia kwa upana wa kidole kimoja tu, leo tungekuwa tunazungumzia mambo mengine!

Sauti ya mwanamke mtulivu ikawashukia watu kutoka darini: "Mabibi na mabwana, hii ni dharura. Ndege inajiandaa kutua majini. Vaeni majaketi ya kujiokolea yaliyo chini ya viti vyenu. Tafadhali msipige kelele."

Watu walipoambiwa wasipige kelele, ndipo walipokumbuka kupiga kelele.

Fundi magodoro mmoja, kibonge wa haja, alilivaa jaketi lake akavuta kamba papo hapo. Jaketi likavimba, kidevu kikapanda, akabaki ametazama dari kama mtu anayengoja kunyolewa. "Jamani, maji!" akapaza sauti. "Maji yamenifika shingoni!"

"Maji gani, kaka?" akauliza jirani yake wa dirishani. "Chungulia huko chini. Ni jangwa tupu. Hata mbuzi hana cha kunywa."

"Basi watatupeleka yaliko!"

Mrefu, kijasho kikimtoka, akakibonyeza tena kile kitufe kukizima. Tangazo likaanza upya, kwa faida ya waliokuwa hawajasikia. Hapo Dada Mkubwa, kiongozi wa wahudumu, aliyekuwa kule nyuma na kitoroli cha chai, akakiruka kitoroli, akawapita watu kama upepo upitavyo nguo kwenye kamba, akafika jikoni na kuuzima ubao mzima. Akamtazama Mrefu. Mrefu akautazama mkono wake.

Punde rubani akasema: "Ndugu abiria, tunaomba radhi sana. Ilikuwa hitilafu ndogo ya kiufundi. Ndege iko salama, tunaendelea na safari."

Watu wakashusha pumzi, wakacheka kicheko cha aibu, waliokumbatiana bila kujuana wakaachiana. Wote, isipokuwa mmoja.

Kiti cha mbele kabisa alikaa Bibi, na ubavuni mwake mke wa mwanawe. Bibi alikuwa hajawahi kupanda ndege. Alikuwa anakwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza, binti wa binti yake, aliyezaliwa juzijuzi katika mji ulio mbali kiasi kwamba ukienda kwa barabara utamkuta mtoto keshaota meno. Na ndege ile ilikuwa itue kwanza njiani, ishushe wengine, ipakie wengine, iruke tena. Mapajani Bibi alishika sweta aliyoifuma mwenyewe, ndogo kama soksi ya mtu mzima.

"Umesikia, mwanangu? Ina hitilafu."

"Ndogo, Mama. Wamesema ndogo."

"Tundu la mtungi nalo huwa dogo. Ikitua, nashuka. Na nikishuka sipandi tena kitu chenye mbawa. Hata kuku sili!"

"Na mjukuu, Mama?"

Bibi akainyoosha ile sweta, akaikunja, akainyoosha tena. "Mjukuu atakua. Siku moja atanijia kwa miguu yake."

"Na sweta?"

Sweta ile ilikuwa haina subira ya miaka.

Maneno hayo yote yaliingia jikoni, kwa kuwa pazia la ndege halizuii hata harufu. Mrefu akamgeukia kiongozi wake.

"Dada, yule bibi atashuka."

"Atashuka salama. Ndiyo kazi yetu."

"Nataka nimwambie ukweli."

"Ukweli gani tena, mdogo wangu? Rubani keshasema hitilafu, na rubani akisema hitilafu, ni hitilafu. Wewe ukisema kiwiko, kesho unasukuma mikokoteni ya mizigo huko nje juani. Una miezi mingapi kazini, wewe?"

Hapo Simba wa Ujia akajinyoosha kwa urefu wake wote, akagonga kabati, akaliomba radhi, kisha akanena kwa sauti ya mashujaa: "Dada, mkokoteni una magurudumu, utanisaidia kuusukuma. Lakini bibi yule akishuka kwa ajili yangu, mzigo huo sina pa kuuweka."

"Maneno mazuri," akasema Dada Mkubwa. "Utaiimbia mikokoteni."

Ndege ikatua. Mlango ukafunguliwa. Bibi akasimama, akafunga kanga kiunoni kama aendaye shambani, akashika kifurushi chake. Mke wa mwanawe akamshika mkono. Bibi akaupangusa mkono huo kama nzi. Ndipo Mrefu akatoka jikoni, akapiga magoti kwenye ujia, akauziba wote.

"Bibi, kabla hujashuka, nisikilize. Ndege haina kitu. Ni mimi. Nilibonyeza pasipo pake. Kwa kiwiko."

Vichwa vikachomoza juu ya viti.

"Kiwiko?" akauliza fundi magodoro, aliyekuwa bado amevimba. "Mimi nimetubu dhambi zangu zote, nikamtaja mpaka shemeji, kwa ajili ya kiwiko?"

"Samahani, kaka."

Bibi akamwinamia Mrefu, akamchungulia usoni kama mtu anayechagua nyanya. "Hebu nionyeshe."

Basi Mrefu akamwingiza jikoni, Dada Mkubwa akavuta tumbo kuwapisha, na pale mbele ya ubao wa vitufe kijana akaigiza vita vyote tangu mwanzo: birika huku, sinia kule, kitambaa menoni, kiwiko hivi. Bibi akatazama kwa makini. Mabega yakaanza kumtikisika. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kumbe uzembe! Sasa mbona hamkusema? Hiyo hitilafu yenu mimi siijui, sijawahi kukaa nayo nyumba moja. Lakini uzembe naujua. Nimelea watoto sita, na baba yao alikuwa wa saba." Akamgeukia Dada Mkubwa, kicheko kimekwisha. "Nawe mama, usimfukuze. Mtoto akisema 'ni mimi', hapigwi. Ukimpiga leo, kesho atakuficha hata moto ukiwa darini."

Dada Mkubwa akakifunga kile kifuniko, akakitia kitambaa mfukoni mwake, akamwambia Mrefu, "Nenda kamweleze rubani. Kwa kinywa chako. Nitasimama nyuma yako."

Na Bibi, enyi mliosogea mkasikiliza, Bibi hakushuka! Alirudi kitini, mbele ya macho ya abiria wote, akakaa. Yaandikeni hayo, enyi waandishi wa tarehe za mataifa! Mkiisha kuandika nani aliteka mji gani, acheni mstari mmoja useme kwamba siku hiyo bibi mmoja alikaa, akafunga mkanda mwenyewe, akaitandaza ile sweta kifuani ili isijikunje. Wala msisahau kwamba ndege ilipoanza kukimbia ili iruke, watu wazima wakishika viti na fundi magodoro akitaja tena majina, palisikika kutoka kiti cha mbele sauti nzito, ya taratibu, iliyoishinda hata injini.

Bibi alikuwa anakoroma.