Ganzi Iliyoingia Kwaya Yetu

Kwaya ya Kanisa la Kiswahili,
North York.
Ijumaa, mazoezi yakiwa yamevunjika mapema.

Kwa Daktari Azmina,
Kliniki ya Meno, juu ya duka la viatu.

Daktari mpendwa,

KUH: UHARIBIFU WA KWAYA KWA NJIA YA SINDANO

Nakusalimu kwa heshima, wewe pamoja na mama yako Bi Zebunissa, ambaye Kiswahili chake cha Kisumu ndicho kilichotufanya tukuchague wewe kati ya madaktari wote wa meno wa Toronto. Mimi ni mwalimu wa kwaya ya kanisa letu. Faili langu unalo, ingawa halina mengi ndani. Naandika kwa uchungu, na naomba usome hadi mwisho kabla Samina wa mapokezi hajaifanyia barua hii chochote.

Jumapili hii tunaimba nyimbo za Krismasi. Kamati ya kanisa imetuonya kwamba tukiimba tena kama mwaka jana, kwaya itavunjwa na mahali petu patawekwa spika mbili za mwenyekiti, Ndugu Cyprian, ambaye anasema spika hazichelewi mazoezi. Daktari, mimi naipenda kwaya hii. Watu hawa wiki nzima wanageuza wagonjwa vitandani na kupokea simu za wateja wenye hasira, wakiitwa majina yasiyo yao. Jumapili ndipo wanapofungua vinywa vyao. Na vinywa hivyo umevifunga wewe. Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Kila Novemba unawatumia watu wangu ujumbe kwamba mafao ya bima ya meno wanayopewa kazini yanaisha pamoja na mwaka, na yasiyotumika yanapotea. Ni kweli, sikatai. Lakini unawajua watu wetu. Tangu Januari wameyatunza mafao hayo kama vikombe vya wageni kabatini, wakingoja jino linalostahili. Tulilelewa tukiambiwa akiba haiozi, na hakuna aliyetueleza kwamba jino halihusiki. Matokeo yake wote wanakuja kwako wiki moja, nayo ndiyo wiki yangu ya mazoezi.

2. Jumanne sauti ya kwanza walifika wote wakiwa wametoka kwako, midomo imelala upande mmoja. Niliwaomba waimbe neno Bethlehemu. Kilichotoka kilikuwa chafya. Nilisimamisha wimbo nikawaeleza makosa yao, kwa sauti ya juu, kama ilivyo desturi yangu. Nikausimamisha tena, na tena. Dada Kagendo alijaribu kunywa maji ili atulie, yakamwagikia karatasi zote za nyimbo.

3. Ulimziba Kirimi jino la nyuma. Kirimi ndiye besi yetu yote. Lile tundu ndimo sauti ilimopitia ikatoka nzito, hata viti vya nyuma vikaisikia. Sasa anaimba kama mtu anayeomba msamaha. Najua usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kuna ufa mwingine ni wa kazi, na ulipaswa kuuliza kwanza.

4. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Nyanchama, kiongozi wa sauti ya pili, ambaye ni muuguzi na mtu mpole, alitamka mbele ya kwaya nzima kwamba kiti chako ndicho mahali pekee anapolala chali bila mtu kumpigia kelele. Akasema anaingoja siku ya kusafishwa meno kuliko siku ya mazoezi, na kwamba ameuliza kama anaweza kusafishwa mara mbili. Watu walipiga makofi. Sikuelewa alikuwa akimlenga nani.

5. Nadim, kijana wako wa kusafisha meno, amewaambia sauti ya tatu kwamba wanasaga meno usingizini, tena akawauliza ni jambo gani linalowasumbua siku za Jumanne na Ijumaa. Hizo ni siku za mazoezi. Huo, Daktari, ni uchochezi.

Basi naomba, na siombi kwa ubaya, meno yagawanywe kwa sauti: ya kwanza waje Februari, ya pili Mei, ya tatu Septemba, na Kirimi asije kabisa. Samina anapouliza kama kuna dawa inayomdhuru mgonjwa, aulize pia anaimba sauti gani. Sindano ichomwe upande usiotazamana na waumini. Mtu asitiwe ganzi mpaka mwalimu wake wa kwaya ameweka sahihi, kama mzazi anavyomwekea mtoto. Na tukilifikiria jambo hili vizuri, meno ya mwanakwaya ni mali ya kanisa sawasawa na kinanda, na hakuna fundi anayefungua kinanda cha kanisa kabla kamati haijakaa. Mwisho, kama una mtu unayemjua serikalini, mwaka wa meno uwe unaisha Julai. Julai hatuna wimbo wowote wa maana, na watu wako bustanini na nyama choma zao.

Usidhani naogopa daktari. Meno yangu ni mazima, isipokuwa moja la chini kushoto ambalo limekuwa likinichokoza tangu kiangazi. Natafunia upande wa pili. Mafao yangu nayaweka kwa jambo kubwa.

Nisalimie Bi Zebunissa sana, na Samina, na wagonjwa wote ukumbini. Hata Nadim msalimie, lakini kwa kifupi.

Wako katika wimbo na katika masikitiko,
Mwalimu Gerishon

Nyongeza, Jumapili jioni:

Barua hii nilikuwa nimeitia mfukoni nikuletee mwenyewe, lakini asubuhi ya leo uliponifungulia kliniki kwa dharura na kuliona shavu langu lililovimba, hukunipa nafasi ya kuitoa. Asante kwa kuling'oa lile jino la chini kushoto. Ibada yetu ni mchana, wenye jengo tunalokodi wakishasali na kuondoka, kwa hiyo nilisimama mbele ya kwaya nusu ya uso wangu ikiwa haina habari. Midomo yao ilikuwa imeshapona zamani. Mstari wa pili sauti ya kwanza wakakosea. Nikafungua mdomo kuwasimamisha, yakatoka mate. Wakaendelea. Nyanchama akawapokea, Kirimi akaingia mahali pake kwa sauti ambayo jino lile halikuwahi kuitoa, na wimbo ukafika mwisho. Daktari, mimi nimewafundisha wimbo ule miaka yote hii na mwisho wake sikuwahi kuusikia. Nililia, watu wakadhani ni jino.

Ndugu Cyprian amezirudisha spika zake kwenye gari. Alipouliza ni nini kilichobadilika, kwaya nzima ilinitazama shavu.

Mafao mapya yanaanza Januari, na safari hii sitayaweka. Naomba nafasi asubuhi ya Pasaka, sindano ileile, upande wowote. Meno yaliyobaki ni mazima, lakini mtaalamu ni wewe, utatafuta cha kufanya. Nyanchama amekwisha kujitolea kunileta kwa gari lake.