Goti la Mgombea wa Wirrabilla

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata siri ya ushindi! Udiwani wa mji wetu wa Wirrabilla ni wangu. Miaka ishirini nawauzia watu hawa matangi ya maji, hakuna anayenijulia hali. Lakini mpinzani wangu Noeline Trask, muuza nyama, akipita anasalimiwa kama malkia. Kisa? Alichezea jimbo netiboli. Enzi za mababu! Basi leo, kwenye foleni ya bucha lake mwenyewe, nikatamka kwa unyenyekevu kwamba mimi nilibakiza kidogo tu kuingia timu ya taifa ya kriketi, goti likanisaliti. Mzee mmoja akavua kofia.

Jumanne, 4 Machi
Mambo moto! Watu kumi na wanne wamenisalimia. Wanne wamenitaja kwa jina, Merv. Nimeanza kuchechemea. Mke wangu Glenys ameuliza ni kriketi gani hiyo, mbona miaka thelathini ya ndoa hajaniona nikidaka hata limau. Nikamwambia unyenyekevu ndio ulionifunga mdomo.

Alhamisi, 6 Machi
Kikwazo kidogo. Clarrie Oddie, katibu wa klabu ya michezo, amekuja na orodha ya wachezaji. Jumamosi kuna mechi ya kriketi: nishike gongo la kupigia mpira, niwe wa kwanza kupiga. Nikamkumbusha goti. Akacheka. "Goti gani, bwana wee! Noeline ana miaka sitini na mmoja, na ndiye atakayekurushia mpira!" Nimekubali. Mwanamke wa sitini na mmoja! Huu si mchezo, ni kampeni ya bure.

Jumamosi, 8 Machi
Mji mzima uwanjani. Hata duka la dawa limefungwa. Muuguzi wa mji akauliza mbona juzi nilichechemea mguu wa kulia, na leo bandeji iko kushoto. Nikamjibu maumivu husafiri. Noeline akaja mbio. Mpira wa kwanza. Sikuuona! Nilisikia tu vijiti nilivyopaswa kuvilinda vikianguka nyuma yangu. Nimetolewa!

Kicheko kikalipuka, lakini cha mapenzi, nakiri. Noeline akanipigapiga begani. "Pole, Merv. Hata mimi nilianza hivyo hivyo." Clarrie akanipa bia baridi. Kura zilikuwa kiganjani! Ndipo nikapanda juu ya benchi, nikaeleza kwa hoja saba kwamba mpira ule haukuwa halali na mwamuzi ni kipofu.

Hata waliokuwa wakichoma soseji wakaacha kugeuza. Clarrie akaichukua bia yake mkononi mwangu, taratibu. "Hapa kwetu hatufanyi hivyo, ndugu yangu." Wivu tu. Hoja ya tano ilikuwa nzito.

Jumapili, 16 Machi
Matokeo yametoka. Noeline kura mia sita na kumi na mbili. Mimi tisa. Glenys anasema kutolewa kwa mpira wa kwanza wangenisamehe. Uongo nao wangeucheka, ukaisha. Lakini kumlalamikia mwamuzi, kamwe. Anasema pia kwamba yeye hayumo kati ya wale tisa.

Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: nilichagua mchezo usiofaa! Mji huu hauna bingwa wa kuogelea. Jioni nimemnong'oneza Clarrie kwamba ujanani nilikosa Olimpiki kwa sekunde moja, kisa sikio lilinisaliti. Ametoa orodha yake, ameandika jina langu: Jumapili ijayo, mita mia nne. Kuogelea sijui. Lakini bwawa lina kingo za kushikilia pande zote nne!