Rejeta ya Pili na Karatasi ya Kiingereza

Jumanne, 4 Novemba

Sijamwambia mtu, hata Mama: giaboksi ya pikapu ya Baba niliiunguza mimi. Si Fundi Zarwali. Mimi, Nabhan, miaka kumi na sita, ninayeona haya hata kuagiza mkate dukani. Baba alikuwa amelala kambini kwa ngamia wetu. Nikalipandisha tela la tanki la maji juu ya tuta la mchanga, moto wote, simu ikinirekodi. Mara tatu. Ya tatu, moshi. Kwenye video kinaonekana kidole changu tu.

Baba akaamka, akanusa, akasema Zarwali ametia mafuta mabaya. Nikafungua mdomo niseme ukweli. Nzi akaingia. Nikaufunga.

Sasa Baba hanywi tena kahawa na Zarwali, rafiki yake wa miaka ishirini, na anawaambia watu wote wa mji wetu wa Bidiya wasimpelekee magari. Na gia inachemka kila tukivuta tanki.

Dawa nimeiona mtandaoni: rejeta ya pili, ndogo, ya kupoza mafuta ya gia kwa magari yanayovuta mizigo. Gia itapoa, Baba atapoa, nami sitalazimika kusema neno. Akili hizo!

Alhamisi, 6 Novemba

Rejeta imefika. Nilitegemea Baba aipeleke kwa Zarwali, wakutane, wapatane. Wapi! Amesema yule mtu hagusi tena gari lake. Halafu, karatasi ya maelezo ni ya Kiingereza, na nani humu ndani anasoma Kiingereza? Wote wakanigeukia. Nikatikisa kichwa kukataa. Wakadhani ni unyenyekevu.

Binamu yangu Hamyar alicheka mpaka akakohoa. "Haya, profesa! Spana ndiyo ile yenye mdomo."

Kiingereza chetu cha shule ni cha mashairi ya maua. Kwenye mipira ya mafuta hatujafika.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeifunga rejeta mbele ya ile kubwa, nyuma ya bampa. Juu chini. Nimeigeuza.

Karatasi inasema: ili ujue mpira upi unaleta mafuta ya moto, chomoa mmoja, tega ndoo, mtu awashe injini kidogo tu. Hamyar akawasha. Neno "kidogo" halijui. Baba naye ndiyo kwanza anatokea, kanzu nyeupe mpya, amejifukiza udi, anakwenda Ijumaa.

Mafuta ya gia ni mekundu. Hilo nalo shuleni hawakutuambia.

Mama alipiga ukelele, majirani watatu wakaja mbio, mmoja na jambia mkononi akiuliza ni nani kafanya. Baba akajitazama kifuani, akasema kwa upole wa kutisha kwamba akiingia msikitini hivi, watamswalia yeye.

Angalau mpira tumeujua.

Jumamosi, 8 Novemba

Balaa: imefanya kazi! Tumevuta tanki lililojaa hadi kambini, gia imetulia kabisa. Baba akanipiga bega mbele ya watu: Zarwali aliharibu, mwanangu ametengeneza! Ngamia wamekunywa maji.

Basi nimekiri. Kwa maandishi, nimetia na sahihi: gia niliiunguza mimi, Zarwali hana kosa. Nimeiacha karatasi kwenye kisanduku cha gari. Nimeandika kwa Kiingereza. Baba hakijui, lakini kukiri ni kukiri.

Jumatatu, 10 Novemba

Baba ameiona. Ameniletea nimsomee.

Nikasoma kwamba rejeta ina dhamana ya miaka miwili na ifutwe kwa kitambaa kikavu. Akauliza, je, haisemi kwamba mafuta mabaya huua gia? Akanikodolea macho. Nikasema inasema. Karibu ukurasa mzima.

Akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda kumwonyesha Zarwali mbele ya wateja wake.

Nilikuwa napumua vizuri tu, mpaka nilipoikumbuka gereji ya Zarwali. Rafu tatu za vitabu vya magari. Vyote vya Kiingereza. Na miwani yake juu.

Pikapu imerudi. Nimechungulia dirishani. Zarwali yuko kiti cha mbele, ameshika birika la kahawa, Baba anamfungulia mlango kama bwana harusi. Wamepatana! Alhamdulillahi. Lakini ile karatasi iko mkononi mwa Baba.

Si neno. Nitamwambia kwamba kwa Kiingereza "mimi" maana yake ni "Hamyar". Hamyar hajui Kiingereza, atabishaje?

Viatu kwenye ngazi. Jozi mbili. Daftari chini ya godo—